Umechoka kubeba boksi? Anza na unachokipenda

Wengi wetu hapa Uingereza tunabeba boksi usiku na kulala mchana. Mwili una saa yake; ukiivuruga kwa miaka, usingizi hukatika, tumbo husumbua na hasira huwa karibu.

Kama moyo wako uko kwenye mapishi, usiache kazi leo. Kwanza, soma masharti ya viza yako: ya mwanafunzi hairuhusu kujiajiri. Pili, sajili biashara ya chakula halmashauri siku 28 kabla ya kuanza, hata kama unapikia nyumbani, ni bure. Tatu, anza na oda za wikiendi, na oda zikiongezeka, punguza zamu za usiku.

Uchovu usipoisha, muone GP wako. Haba na haba hujaza kibaba.