Mwenye gari naye aulizwe



Kila Jumapili, kabla ya baraka ya mwisho, tunawaombea wasafiri. Wengine wanaelekea Likasi na Kolwezi, wengine Kasumbalesa. Wote wanapita Barabara ya Taifa namba 1, ileile inayobeba shaba, kobalti, mafuta na asidi ya migodi.

Tunakumbuka tarehe 20 Februari 2019. Pale kijiji cha Kabwe, katika njia ya Lubumbashi na Kolwezi, lori lililobeba asidi kwenda mgodi wa Mutanda lilipata ajali na kugongana na magari mengine, likiwemo basi la abiria. Karibu watu 20 walikufa. Wengine waliunguzwa na asidi.

Ajali ikitokea, swali letu la kwanza ni: dereva alikuwa nani? Swali hilo ni la haki, lakini Torati inaongeza lingine. Kutoka 21:29 inasema habari ya ng'ombe aliyezoea kupiga watu kwa pembe. Kama mwenyewe ameonywa asimfunge, na ng'ombe akaua mtu, hatia inamrudia mwenye ng'ombe.

Nchi yetu haikosi sheria. Kanuni ya barabara ipo tangu mwaka 1978, na iko Tume ya Taifa ya Kuzuia Ajali, CNPR. Shida ni mahali ukaguzi unapofanyika. Penye kizuizi, polisi anaomba leseni na karatasi ya bima. Breki haziwezi kupimwa katika foleni, wala karatasi haionyeshi kwamba dereva hajalala tangu jana. Faini inamwangukia dereva. Aliyempa matairi yaliyokwisha na kumwamuru arudi usiku uleule amekaa ofisini, na kesho gari lilelile linatoka na dereva mwingine.

Kwa hiyo tunaiomba serikali mambo matatu. Kwanza, ukaguzi uingie katika maegesho ya kampuni: breki, matairi, taa na saa za kazi za madereva. Pili, kila kampuni iwe na faili moja ya makosa na ajali zake, ili anayerudia asiseme hakuonywa, na kibali chake kisimamishwe. Tatu, asidi isafirishwe kwa kibali cha pekee, na vijiji vya kando ya njia vifundishwe la kufanya inapomwagika.

Hayo si ndoto. Jirani zetu Tanzania wana mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, LATRA, inayofuatilia mabasi ya safari ndefu kwa kifaa kinachotuma habari za mwendo wao. Basi likizidisha mwendo, mamlaka inajua hata kama hakuna polisi njiani.

Lakini tusinyoshe kidole kwa wengine tu. Sisi wenyewe, kwa ajili ya bei, tumepakia kwaya na vijana juu ya lori la mizigo kwenda semina. Tulimwomba Mungu ulinzi, lakini hatukuangalia matairi. Tangu sasa, shemasi anayekodi gari aone karatasi ya ukaguzi na ya bima, ahakikishe dereva amepumzika, na akatae safari ya usiku. Tukifanya hivyo, tutakuwa na uso wa kuidai serikali ifanye vilevile.

Bwana awalinde wote walio njiani. Amina.