Abiria wa Mandera waliokataa kugawanywa
Sehemu ya pili

Juma lililopita tuliishia Eastleigh, Nairobi. Jumapili ya Novemba 18, 2012 bomu lililipuka ndani ya matatu, watu wakafa, na kesho yake makundi ya vijana yakaingia mitaani kuwasaka Wasomali, kuvunja maduka na kubeba mali. Niliahidi kwamba leo zamu itakuwa ya watu waliokataa kufuata mkumbo. Wanaojulikana zaidi walikuwa ndani ya basi.

Desemba 21, 2015 basi lililotoka Nairobi kwenda Mandera, kona ya kaskazini-mashariki ya Kenya, lilimiminiwa risasi karibu na El Wak. Wapiganaji wa Al-Shabaab waliwaamuru abiria wajitenge, Waislamu huku, Wakristo kule. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya amri hiyo. Novemba 22 mwaka uliotangulia, basi jingine lilitekwa katika kaunti hiyohiyo ya Mandera, abiria wakapangwa kwa dini, na watu 28 wakauawa. Siku kumi baadaye ikawa zamu ya wafanyakazi 36 wa machimbo ya mawe, nao walichaguliwa kwa namna hiyohiyo.

Safari hii kupanga kulishindikana. Wanawake wa Kiislamu walivua mitandio wakawapa Wakristo waliokuwa nao wajifunike. Abiria wakagoma kutengana, wakawaambia watekaji wawaue wote au wawaache wote. Miongoni mwao alikuwamo Salah Farah, Mwislamu, mwalimu na naibu mkuu wa shule. Alipigwa risasi, na Januari 2016 akafariki akitibiwa Nairobi. Kisa hicho ndicho kilichozaa filamu fupi ya Watu Wote, ambayo mwaka 2018 iliingia katika orodha ya kuwania tuzo ya Oscar.

Wengi husimulia habari hii kama kisa cha ushujaa, na ushujaa ulikuwapo. Mimi naona kuna somo la hesabu pia. Baada ya mauaji ya 2014, walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za Kenya walikataa kurudi Mandera, Wajir na Garissa, na nani angewalaumu? Shule zikabaki na walimu pungufu. Waliokosa masomo walikuwa watoto wa Kisomali na wa Kiislamu, watoto wa jamii ambayo Al-Shabaab hudai kuipigania. Nairobi nako kila Msomali akawa mtu wa kutazamwa mara mbili. Risasi za watu wachache zilikuwa zimewagawa watu wengi, na kazi iliyobaki ya kugawanyana tulikuwa tayari kuifanya wenyewe. Wale abiria waliizuia kazi hiyo pale inapoanzia, kwenye viti vya basi.

Hapa msomaji wa Galula, kwetu Songwe nchini Tanzania, anaweza kuuliza: jirani wa kundi la wachache, anayehitaji kulindwa, ni nani hasa? Jibu hubadilika kila unapohama mji. Eastleigh, anayekimbia ni Msomali Mwislamu. Garissa, mji wenye Waislamu wengi, anayekimbia ni Mkristo. Julai 1, 2012 makanisa mawili ya Garissa yalishambuliwa wakati wa ibada ya Jumapili na watu 17 wakauawa. Viongozi wa Kiislamu hawakuishia kwenye kulaani, jambo ambalo kila kiongozi hulifanya na halimgharimu kitu. Walikubaliana kwamba vijana wao wakayalinde makanisa. Ulaya nako, Februari 2015, baada ya shambulio la Copenhagen lililomuua mlinzi wa sinagogi, Waislamu wa Oslo walishikana mikono nje ya sinagogi la mji wao kama ua.

Kuna hoja ya upande wa pili, na si ya kudharau. Watu husema: ukimkingia kifua jirani, unajuaje kwamba humfichi mhalifu? Tuiangalie kwa mambo yaliyotokea. Aprili 2, 2015 Chuo Kikuu cha Garissa kilivamiwa, watu 148 wakapoteza maisha. Mmoja wa washambuliaji alikuwa kijana aliyesoma sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu wa Mandera. Baba yake alikuwa amekwisha kutoa taarifa kwa mamlaka kwamba mwanawe ametoweka. Taarifa ya maana ilitoka ndani ya nyumba ya Kisomali, si kwa kundi la vijana wenye mawe. Ukimdhalilisha baba wa namna hiyo mbele ya watoto wake, mwingine atakuja kituoni kesho kusema lolote?

Januari 2019, katika shambulio la hoteli ya DusitD2 Nairobi lililoua watu 21, mmoja wa washambuliaji aliitwa Ali Salim Gichunge, mtoto wa mwanajeshi wa Kenya. Sura yake isingemshtua mtu yeyote mtaani. Na kati ya waliouawa pale walikuwamo Wakenya wa asili ya Kisomali. Anayelinda mlango kwa kutazama pua na mtandio angempitisha muuaji na kumzuia marehemu.

Aprili 2014 Serikali ya Kenya ilijaribu njia ya kukusanya watu kwa wingi. Operesheni Usalama Watch iliwakamata maelfu, wengi wao Wasomali, na wengine wakawekwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika habari za rushwa iliyodaiwa ili mtu aachiwe. Baadhi ya askari waliwaita Wasomali "ATM". Mwaka mmoja baadaye, shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa likatokea. Katika kila wimbi la hasira kuna wanaovuna: mwizi anapata duka lisilo na mlinzi, askari mla rushwa anapata mfuko wa kuupapasa. Nashauri tuanze kuwatazama hao kabla ya kuwatazama wanaokimbia.

Sisi wa Songwe tusijione tuko mbali. Aprili 2013, Tunduma ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya, mgogoro wa nani achinje nyama ya buchani uliwaingiza Wakristo na Waislamu katika vurugu. Hapakuwa na gaidi wala bomu. Kisu cha machinjioni kilitosha. Na kwenye foleni ya malori ya mpakani, dereva wa Kisomali huitwa Al-Shabaab kwa mzaha, na watu hucheka. Mzaha huo siku ya habari mbaya hugeuka hati ya mashtaka. Galula, ambako Waislamu ni wachache, habari hiyo itafika kwa simu, huenda na picha ya zamani iliyobandikwa maneno mapya. Padri, imamu, mtendaji wa kijiji na wenyeviti wa vitongoji wanaweza kukubaliana leo nani atampigia nani simu, na nani atakwenda kukaa kwenye duka la nani. Ni mazungumzo ya nusu saa, na hayahitaji bajeti.

Juma lijalo tutarudi hadi 1989, Serikali ya Kenya ilipoamuru Wasomali wakaguliwe uraia wao na kupewa kadi maalumu ambayo Wakenya wengine hawakutakiwa kuwa nayo.