Waridi la kunukia, si la kutazama tu

Shada la waridi linalouzwa Diani siku ya harusi mara nyingi limetoka mbali, mashamba ya Naivasha. Limenyooka, halina doa, na ukilinusa hupati kitu. Kwa miaka mingi wazalishaji wamechagua ua linalohimili ndege na kukaa siku nyingi kwenye chombo. Harufu ikaachwa njiani.

Kwa nyumba ya Pwani, hiyo ni kasoro kubwa. Hapa waridi huingia kwenye kikuba pamoja na asumini na rihani, na marashi yake hunyunyizwa kwa mrashi kwenye maulidi na harusi. Anayelitaka kwa kazi hiyo ni bora apande mwenyewe, tena apande la zamani.

Waridi la zamani ni la kundi lililokuwepo kabla ya 1867, mwaka ambao mzalishaji Guillot wa Lyon, Ufaransa, alitoa La France, linalohesabiwa kuwa la kwanza la kisasa. Lakini si kila la zamani litakubali joto la Pwani, hapa Ukunda. Waridi la Damasko, linalotoa marashi ya Jabal Akhdar kule Oman, hupandwa huko kwenye kimo cha mita kama 2,000, penye baridi ya kweli, na huchanua msimu mmoja tu. Lishushe huku kwetu, utavuna majani.

Linalotufaa zaidi limezaliwa kwenye bahari yetu hii hii. Katika kisiwa cha Réunion, enzi hizo kikiitwa Bourbon, wakulima walizungushia mashamba miwaridi ya China na ya Damasko. Ikachavushana. Mnamo 1817 mtaalamu wa mimea Bréon akaugundua mche uliochanganya damu, na 1819 mbegu zake zikapelekwa Paris. Kundi la Bourbon likarithi harufu ya Damasko na tabia ya China ya kuchanua tena na tena. Hilo, na miwaridi ya China yenyewe, ndiyo ya kuanza nayo penye joto.

Kazi iko kwenye udongo. Ukunda ni mchanga juu ya matumbawe, wenye chokaa inayozuia mizizi kupata madini ya chuma. Jani hugeuka manjano, mishipa ikabaki kijani. Chimba shimo pana, toa mawe, jaza samadi iliyooza vizuri, au panda kwenye pipa. Chagua upande wenye jua la asubuhi, uliokingwa na upepo wa bahari. Maji ya kisima yaonje kwanza. Yakiwa na chumvi, kinga ya mvua. Mwagilia shinani, kwani majani yaliyolowa huota madoa meusi. Vidukari waoshe kwa maji ya sabuni. Dawa kali haifai kwa ua la kikuba.

Pwani haina baridi ya kuulaza mwaridi, kwa hiyo usiukate hadi chini kama wafanyavyo Ulaya. Kabla ya masika, punguza tu matawi makavu na dhaifu. Ukitaka mche mwingine, kata kijiti kibichi kilichokomaa, unene wa penseli, ukichomeke kwenye mchanga mbichi kivulini.

Aina hizi zimevuka karne kwa watu kuombana vijiti. Ukiona mwaridi unaonukia uani kwa mtu, Ukunda au Msambweni, piga hodi. Jina lake si muhimu. Uliza umestahimili masika mangapi, kisha omba kijiti.