Damu isiyoganda haichagui wavulana

Desemba ni msimu wa tohara huku kwetu Boito, eneo la chai nchini Kenya, na mara nyingi ndipo himofilia, ugonjwa wa damu kutoganda, hujitokeza. Majeraha ya wenzake yanakauka, la mvulana mmoja linazidi kuchuruzika hadi familia itafute gari usiku. Dada yake je? Yuko shambani anachuma chai, pedi mbili na kitambaa chini ya aproni ya plastiki, hedhi ya siku tisa, na nyumbani anaambiwa wanawake wa ukoo huo ndivyo walivyo.

Jambo la ukoo ndilo lililomshika daktari Mfini Erik von Willebrand. Mwaka 1924 aliletewa Helsinki msichana wa miaka 5 kutoka visiwa vya Åland, aliyekuwa akivuja damu mara kwa mara. Daktari hakuishia kwa mgonjwa. Aliulizia jamaa zake, na kati ya watu 66 akapata 23 wenye tatizo hilo, wake kwa waume. Himofilia tunayoijua hubebwa na mama, wakaumia zaidi wana wa kiume. Ugonjwa wa ukoo huu ulikuwa na njia yake. Aliandika habari zake mwaka 1926. Kwangu mimi, kazi yake kubwa ilikuwa ni kule kuuliza. Msichana mwenyewe alifariki akiwa na miaka 13, katika hedhi yake ya nne.

Kinachopungua katika ugonjwa huo ni protini ambayo leo ina jina la daktari huyo. Mshipa ukikatika, hiyo ndiyo gundi inayozinasa chembe sahani zizibe tundu. Pia hukilinda kigandishi namba nane, kile kinachokosekana katika himofilia A, kisiharibike mapema. Katika miaka ya 1950, Inga Marie Nilsson wa Malmö na Margareta Blombäck walionyesha kwamba dawa iliyochujwa kutoka majimaji ya damu ya watu wazima wa afya huzuia uvujaji huo.

Huku kwetu, Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi iliyoko Eldoret ina kliniki ya magonjwa haya ya kuvuja damu, kwa ushirikiano na kituo cha magonjwa hayo cha Indiana, Marekani. Kutoka Boito ni safari, lakini inafikika.

Ikiwa hedhi inapita siku saba, au pedi inalowa kila saa, omba upimwe. Maumivu usiyatulize kwa aspirini, maana huzidisha kuvuja. Na kabla ya kung'oa jino, kujifungua au kumpeleka kijana kwa tohara, mwambie daktari ni nani katika ukoo wenu aliyewahi kuvuja damu isikome, shangazi na nyanya wakiwemo.