Ubadhirifu: Uzito wa Neno na Mahali pa Kulitumia

Kiswahili kina maneno mengi ya kumwelezea mtu asiyejua kuizuia mali yake, kwani husemwa kuwa anafuja, anatapanya, anaponda mali, anafanya israfu, au, kwa neno ambalo siku hizi halikauki katika taarifa za habari za redio, kuwa ni mbadhirifu. Aghalabu watu huyatumia maneno haya pasipo kuyapambanua, walakini atakayetulia akayapima ataona kwamba kila moja lina mahali pake, na kwamba ubadhirifu ni zito kuliko mengine yote, kwa sababu mwenye kulitamka amekwisha kutoa hukumu juu ya mwenzake.

Israfu ni kupita kiasi katika jambo ambalo kwa asili yake ni halali: mtu ana haki ya kula, akapika chakula kingi hata kikachacha na kumwagwa, ana haki ya kuvaa, akajaza kabati nguo asizozivaa. Ubadhirifu ni kuipeleka mali mahali isipostahili kwenda, ikawa mwenye haki nayo amekosa na asiye na haki amepata. Maneno yote mawili yametujia kutoka Kiarabu, na yote mawili yamo katika Kurani, ambamo hilo la pili limewekewa karipio lililo kali zaidi. Wengi wa wanazuoni wa sheria ya Kiislamu walifika hata kusema kwamba mtu anayetapanya mali azuiwe kuitumia, isimamiwe na mwingine kwa niaba yake, maana mali kwao ni amana, na amana haichezewi.

Katika Kiarabu mzizi wa neno hili hubeba maana ya kutawanya mbegu, na kwa maana hiyo nchi ya Trans Nzoia, huko Kenya, yafaa kuliko nyingi kutueleza undani wake. Mjini Kitale ndiko yaliko makao makuu ya Kenya Seed Company, kampuni ya mbegu iliyoanzishwa mwaka 1956, na mashamba yaliyouzunguka mji huo yamekuwa kwa miaka mingi ghala la mahindi la taifa. Mkulima wa huko, mvua za Machi na Aprili zinapoanza kunyesha, huitia mbegu aliyoinunua kwa gharama ndani ya shimo, akaitilia mbolea ya kupandia na kuifukia kwa kiasi cha udongo anachokijua. Punje hiyohiyo akiirusha barabarani haitaota, ingawa mkono ni ule na mbegu ni ile. Basi mbadhirifu hatambulikani kwa wingi wa alichotoa, bali kwa pale alipokipeleka.

Twende sasa nyumbani, ambako neno hili hutamkwa mara nyingi zaidi kuliko mahali pengine. Mavuno ya Trans Nzoia huanza karibu na Oktoba, mahindi yakapukuchuliwa, yakaanikwa, yakatiwa katika magunia ya kilo 90 na kuuzwa, ama kwa Halmashauri ya Nafaka na Mazao, ama kwa wanunuzi wanaokuja na malori yao hadi shambani. Na fedha za mwaka mzima, ambazo mwenye mshahara angalizipokea kwa mafungu kumi na mawili, zikaingia mkononi kwa pamoja, wakati Krismasi imekwisha kukaribia. Januari hufika na karo ya shule, na hazipiti wiki nyingi kabla ya kudaiwa mbegu na mbolea ya msimu mpya. Mwenye kuitumia fedha ile Desemba kana kwamba Januari haitakuja hutafuna haki ya mtoto wake na haki ya shamba lake, na hapo hakuna kosa kumwita mbadhirifu. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la mkulima halihitaji elimu kubwa: aitenge kwanza karo, aitenge mbolea na mbegu, kisha kilichobaki akile na wenziwe kwa furaha na moyo mweupe.

Walakini neno hili hurushwa pia mahali lisipostahili, na kando ya mji huohuo wa Kitale pana mtaa wa Kipsongo, ambako wengi wa wakazi ni Waturkana ambao asili yao ni kaskazini, kwenye nchi ya ukame unaomaliza mifugo. Huko wako watu wanaoishi kwa kibarua cha siku na kwa kuokota vyuma na plastiki za kuuza. Mama anayerudi jioni na ujira wa siku moja hununua unga kwa gorogoro au kwa nusu yake, mafuta ya kupima, na makaa ya mkebe mmoja, na ukijumlisha vipimo hivyo vidogo utakuta amelipa kwa kilo moja zaidi ya alivyolipa tajiri aliyenunua gunia zima. Atokeaye hapo akasema kwamba maskini ni mbadhirifu, hajui kununua kwa jumla wala kuweka akiba, amelitumia neno kwa dhuluma, kwa kuwa mama yule hakukosa akili ya kununua gunia. Alikosa fedha ya gunia. Na akimnunulia mwanawe gauni jipya siku ya Krismasi, hapo napo hakuna ubadhirifu, kwani furaha ya mtoto ni miongoni mwa haki za mtoto.

Kadhalika ipo haja ya kuwa na hadhari tunapozihukumu mila. Katika nchi ya Wabukusu, huko Bungoma na sehemu za Trans Nzoia, wavulana hutahiriwa mwezi wa Agosti wa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, na kabla ya siku hiyo mtahiriwa huenda kwa jamaa zake akicheza njuga kuwaalika, pombe ya busaa hupikwa, na mjomba wa upande wa mama ana wajibu wake katika sherehe hiyo. Mgeni huona gharama tu, lakini mwenyeji anajua kwamba kwa chakula kile ukoo umekutana na mtoto ametambuliwa kuwa mtu mzima. Mtaalamu wa uchumi wa Marekani, Thorstein Veblen, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1899 jinsi watu wanavyotumia mali ili waonekane kuwa nayo, na hilo ndilo la kuchunga: karamu iliyo wajibu ikigeuka mashindano, mzazi akauza shamba au kukopa ili asishindwe na jirani, imekwisha kutoka katika ukarimu na kuingia katika israfu.

Ila ubadhirifu ulio mkubwa kuliko wote ni wa mali isiyo ya mwenye kuitumia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 201, imeagiza fedha za umma zitumiwe kwa busara na kwa uwajibikaji. Na miaka miwili tu baada ya serikali za kaunti kuanza kazi mwaka 2013, Wakenya walipata habari kwamba Kaunti ya Bungoma ilikuwa imenunua wilbaro 10 kwa bei ya shilingi 109,320 kila moja. Ilielezwa kwamba zilikuwa za chuma kisichoshika kutu, lakini maelezo hayo hayakuwaridhisha wananchi, na baadhi ya maafisa walishtakiwa mahakamani. Jumla yake ni shilingi 1,093,200, na hata kama kila wilbaro ingalinunuliwa kwa shilingi 10,000, bei ambayo wilbaro ya kawaida dukani haikuifikia, fedha hizo zingalitosha kununua zaidi ya 100. Katika bajeti ya kaunti hicho ni kiasi kidogo mno. Kilichowakera watu ni kwamba kila mmoja wao anaijua wilbaro, ameisukuma na kuulizia bei yake, na kwa hiyo aliweza kuona kwa macho yake mwenyewe haki yake ilipotoka na ilipokwenda.

Basi, msomaji, kabla hujamwita mwenzako mbadhirifu, jiulize mali ile ni ya nani, na ni haki ya nani iliyoachwa nyuma ilipotumika. Ukiona ni yake, na wanaomtegemea wamepata haki yao, mwache ale. Ukiona ni ya umma, usinyamaze, kwa sababu sheria imekupa nafasi ya kusema: mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na kabla ya hapo kila kaunti hulazimika kuwashirikisha wananchi katika kuandaa bajeti. Hudhuria kikao hicho, uliza bei ya kila kitu, na udai kuonyeshwa daftari.