Java Ndani ya Ubuntu, kwa Kiswahili

Wengi wetu chamani tulirithi Kiswahili cha nyumbani: cha salamu, cha jikoni, cha kuzungumza na bibi kwenye simu. Tukiingia maabara ya kompyuta tunahamia Kiingereza bila hata kujijua. Muhula huu tulijiuliza: Kiswahili hicho hicho kinaweza kutufikisha kwenye programu ya kwanza ya Java? Tukakaa pamoja, wanafunzi wa kompyuta na wa fasihi, tukajaribu.

Tulichagua mfumo wa Ubuntu, ambao ni aina ya Linux. Hauuzwi, na huendesha vizuri kompyuta nyingi kuukuu. Tangu msaada wa kawaida wa Windows 10 ulipokoma Oktoba 2025, mwenzetu ambaye kompyuta yake haipokei Windows 11 anaweza kuendelea na masomo bila kununua mpya. Jina lenyewe si geni kwetu: ubuntu ni neno la Kizulu na Kixhosa, ndugu wa neno letu utu.

Kwanza tutenganishe majina mawili. JRE huendesha programu iliyokwisha kuandikwa. JDK ina pia vifaa vya kuitengeneza, kikiwamo javac, yaani kompaila. Mwenye JRE peke yake ana sahani na kijiko bila jiko: atakula kilichopikwa, lakini hawezi kupika.

Sasa fungua terminali. Sasisha orodha ya vifurushi:

sudo apt update

Kisha sakinisha:

sudo apt install openjdk-21-jdk

Neno sudo huomba mamlaka ya msimamizi, ndiyo maana utaulizwa nywila. Katika Ubuntu 24.04 herufi zake hazionekani unapoziandika. Usishtuke, andika hadi mwisho. Toleo la 21 lilitoka Septemba 2023. Mhadhiri wako akitaka la 17, badilisha namba tu.

Hakikisha:

javac -version

Ukijibiwa namba ya toleo, kazi imekwisha. Ukiambiwa amri haijulikani, kompyuta imeitafuta katika folda zilizotajwa kwenye PATH na haikuikuta. Anayetumia apt kwa kawaida hapati tabu hiyo. Aliyepakua faili na kuifungua mwenyewe ndiye anayepaswa kuongeza folda yake kwenye PATH. Mwenye matoleo mawili huchagua moja kwa amri hii, kisha huirudia kwa javac:

sudo update-alternatives --config java

Hapo kwenye PATH ndipo tulipopata faida kubwa. Ukisema "seti PATH", kila mtu huitikia. Ukisema "ionyeshe kompyuta njia", mtu huuliza: njia ya kwenda wapi? Swali hilo ndilo somo lenyewe, na lilitoka kwa mwenzetu wa fasihi. Kiswahili kilitulazimisha kusema kila kitu kinafanya nini, badala ya kukitaja jina tu na kupita.

Maneno yote hatujakubaliana. Wapo wanaosema kusakinisha, wengine kusimika, na wengine wameridhika na kuweka. Walimu wetu, tunaomba maoni yenu. Nanyi wanachama ambao kompyuta zenu zimekaa kabatini, zileteni kikaoni pamoja na chaja. Kiswahili mlicho nacho kinatosha kuanzia.