Mtu wa Chupa Mbili

Watoto wangu, mkimwona kwenye mechi za zamani mtu mzima ameinama mbele ya kiti, anapanga chupa mbili za maji, anazisogeza kidogo kidogo mpaka karatasi zake zielekee uwanjani, msidhani ni mganga. Huyo ni Rafael Nadal, mchezaji wa tenisi wa Hispania aliyestaafu 2024, na hapo alikuwa kazini. Alipotembea hakukanyaga mistari. Kabla ya kuanzisha mpira alikuwa akigusa pua, masikio na nywele. Tena ajabu: kuandika huandika kwa mkono wa kulia, lakini raketi aliishika kwa kushoto!

Mimi si fundi wa tenisi. Mapigo yake siwezi kuyataja yote. Wachezaji wake ndio ninaowafuata, na raha yangu iko hapo.

Hasimu wa Nadal alikuwa Roger Federer wa Uswisi, ambaye utotoni aliokota mipira kwenye mashindano ya mjini kwao, Basel. Huyu hakuwa na vituko. Alicheza kama mtu asiyetoka jasho. Hadi 2008 alikuwa ametwaa taji la Wimbledon, kule Uingereza, miaka 5 mfululizo, na fainali mbili za mwisho zote alimfunga Nadal.

Ngojeni kwanza niwape hesabu, maana ndiyo inayowakimbiza wengi. Pointi ya kwanza ni 15, ya pili 30, ya tatu 40, ya nne umepata gemu, mradi umemzidi mwenzako pointi 2. Kwa nini 40 na si 45? Msiniulize. Gemu 6 ni seti, hapo pia umzidi kwa 2. Mkifika 6 kwa 6 huchezwa pointi chache za kukata shauri. Wanaume Wimbledon hutafuta seti 3.

Utamu ni kwamba saa haimwokoi mtu. Kwenye kandanda anayeongoza hujilaza chini akishika goti hadi kipenga kilie. Kwenye tenisi pointi ya mwisho sharti uitafute mwenyewe, na Nadal aliyaona hayo tarehe 6 Julai 2008, kwenye fainali ya Wimbledon dhidi ya Federer.

Alichukua seti mbili za mwanzo, 6-4, 6-4. Mvua ikawafukuza, kwani paa la uwanja ule lilikuja mwaka uliofuata. Waliporudi, Federer akachukua ya tatu. Katika ya nne Nadal alibakiza pointi moja tu awe bingwa, mara mbili! Mara zote mbili Federer akachomoka. Sare, 2 kwa 2.

Seti ya tano siku hizo haikuwa na kukata shauri. Ilichezwa hadi mmoja amzidi mwenzake gemu 2. Mvua ikarudi, ikakatika. Julai kule jua huchelewa kutua, lakini saa tatu usiku hata mpira ulikuwa hauonekani vizuri. Federer akapiga, mpira ukanasa kwenye wavu: 9-7. Saa 4 na dakika 48 za mchezo. Nadal akaanguka chali, kisha akapanda jukwaani kuwakumbatia wazazi wake.

Mwaka 2022 Federer alipoaga, mechi yake ya mwisho alicheza upande mmoja na Nadal, jijini London. Walishindwa, kisha wakakaa pamoja wakilia.

Basi, chagueni wa kwenu. Mimi ni wa Nadal, na anayemtaka Federer simzuii, ila asikae karibu nami fainali ile ikirudiwa kwenye runinga.